Kiti cha Wembe

Chafya haikupiga hodi. Fundi alikuwa amemaliza shavu la kulia la Karani wa posta, akahamia la kushoto, na wembe ulikuwa umefika pale pabaya, chini kidogo ya sikio, ambapo ngozi ni laini na mtu mzima hufumba macho kama mtoto. Fundi akapiga chafya, mwili ukamtikisika mara moja. Alipofumbua macho, povu jeupe shingoni mwa Karani lilikuwa limeanza kugeuka jekundu.

"Umenichinja!" Karani akapaza sauti, mkono umeshika shingo.

"Samahani sana, mzee wangu. Ni kidogo tu. Kaa nikubane na pamba."

"Nikae? Nikae ili umalizie kichwa?"

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka, kisha wakaona damu imefika kwenye kola, wakaacha. Mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alikumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kwenda kumtazama. Mwingine hakujisumbua hata kutafuta sababu. Alihama tu upande wa Fundi, akaenda kukaa upande wa kijana waliyemwita Mashine, aliyenyoa vichwa kwa umeme na hajawahi kushika wembe maishani mwake.

Fundi aligeukia ukuta akapiga chafya ya pili, na ya tatu. Macho yake yalikuwa mekundu, kope zimevimba, pua imechubuka kwa kufutwafutwa. Ng'ambo ya barabara, mivinje iliyopandwa kandokando ya reli ilikuwa imechanua. Hayakuwa maua ya mtu kusimama akatazama. Ni vishada vya kahawia kwenye ncha za matawi, kama kutu. Lakini kila upepo ulipopita, unga mwembamba ulitoka mle, ukavuka barabara, ukatua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye viti vya pikipiki, na kwenye vioo vikubwa vya kinyozi, ambavyo mwenye duka alivifuta kila asubuhi na kuvikuta vimefifia kabla ya saa sita.

Mwenye duka walimwita Mzee Kioo, kwa kuwa alipozungumza na mafundi wake hakuwatazama wao. Alizitazama sura zao kwenye kioo. Alisubiri Karani aondoke, na pamba yake shingoni, ndipo akasimama nyuma ya Fundi.

"Fundi."

"Naam, Mzee."

"Wiki iliyopita umelala umesimama. Mteja kakuamsha yeye."

"Zilikuwa zile dawa za mafua za dukani, Mzee. Nimeziacha."

"Umeziacha, umemkata mtu. Ukizimeza unasinzia, usipozimeza unachinja. Sasa mimi nikufanyeje?"

"Kesho nitavaa barakoa."

"Barakoa itazuia mate. Mkono utazuiwa na nini?"

Fundi alikuwa akilisafisha jembe lake, kama alivyopenda kuuita wembe ule, akilifuta upande huu na upande ule ingawa lilikwisha kung'aa. Mashine alikuwa amezima mashine yake ili asipitwe na neno.

"Jumatatu kuna mtu anakuja kukikalia hicho kiti," Mzee Kioo akakiambia kioo. "Kama mpaka Jumamosi hujaipatia dawa hiyo pua yako, utamkabidhi."

"Mzee, ni msimu tu huu. Mivinje ikimaliza..."

"Ikimaliza utamkuta yeye. Siwezi kumfukuza mtu kwa sababu miti imemaliza kuchanua."

Mzee Kioo hakuwa mtu katili. Alikuwa ametarajia Fundi abishe, apandishe sauti kidogo, ili naye apate mahali pa kurudi nyuma. Fundi hakubisha. Alikunja taulo, akaliweka kwenye mkono wa kiti, na kukaa kwenye benchi ya wateja kama mtu aliyekuja kunyolewa.

Kilikuwa kiti cha chuma, kizito, cha kulaza mgongo, na duka zima lilikuwa nacho kimoja tu. Wazee wenye ndevu ngumu, na vijana wachache waliojipenda, walikisubiri hata viti vya kunyolea kwa umeme vikiwa wazi. Fundi aliingia duka lile kama mfagia nywele. Alipokabidhiwa wembe, aliacha kuitwa kwa jina lake, na hakuna aliyelikumbuka tena.


Mkewe alikuwa anapiga pasi nguo za watu. Chumba chao cha mbele kilikuwa na meza moja, nayo mchana ilikuwa ya pasi, jioni ya chakula. Mashati ya ofisini yalining'inia kwenye kamba kutoka dirishani hadi mlangoni, hivi kwamba aliyeingia aliinama kama anayesalimia.

"Mbona mapema?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Wateja wachache leo."

"Wachache," binti yao akadakia kutoka chumba cha pili, "maana mmoja amechinjwa."

Binti yule, wa kidato cha tatu, tangu aanze kusema hakuwahi kuzimika, na mtaa mzima ulimwita Redio. Hata mama yake hakuwa na jina lingine ila Mama Redio.

"Nani kakwambia?"

"Baba, jamani. Karani kapita hapa na bendeji kama katoka vitani. Kila anayemuuliza anamsimulia upya, na kila akisimulia wembe unarefuka."

Mama Redio akaisimamisha pasi. Alimtazama mumewe miguu kwanza, kisha mikono, kisha macho yale mekundu.

"Kakufukuza?"

"Hajanifukuza. Kanipa mpaka Jumamosi."

"Mpaka Jumamosi ufanye nini?"

"Nipone."

Hakuna aliyecheka, hata Redio. Mama Redio akarudisha pasi juu ya shati, akaipitisha mahali pale pale palipokwisha kunyooka.


Zahanati ilikuwa na benchi ndefu, na Fundi alipopiga chafya ya kwanza watu walisogea. Ya pili, mama mmoja alimfunika mtoto wake kwa khanga kichwani. Ya tatu, Fundi akajikuta ana benchi peke yake. Mama Redio, aliyekuwa amesimama dirishani, akaja kukaa karibu naye kabisa, bega kwa bega, akawatazama wote mpaka wakatazama pembeni.

Tabibu alikuwa msichana mdogo, mpole, mwenye sauti ya kuchoka. Alimulika pua, akavuta kope chini, akauliza chafya zinaanza lini na zinaisha lini.

"Haya si mafua, baba. Ni mzio. Chavua ya ile miti inakuingia puani, mwili wako unadhani ni adui, unapigana nayo."

"Na hewani imejaa kiasi gani, daktari? Nisikie kama kesho kuna nafuu."

"Nchi nyingine wanaipima na kuitangaza kama mvua. Hapa kwetu hakuna anayepima. Kipimo ni hiyo pua yako." Akamwandikia dawa ya kupuliza. "Tumia kila siku, usiruke. Itakusaidia sana, ila inachukua muda. Wiki mbili hivi ndipo utaona kazi yake."

"Mimi nina mpaka Jumamosi."

Tabibu akamtazama kwa huruma. "Pua haijui Jumamosi, baba."


Ijumaa jioni walikunywa chai. Fundi alikuwa amerudi kutoka kuzunguka. Alikwenda kwenye vinyozi vingine viwili kuuliza kazi, na kote alipiga chafya kabla ya salamu kuisha. Hayo hakuyasema. Alisema tu kwamba jua lilikuwa kali.

Redio alikuwa anasimulia habari za mwalimu wao wa hesabu. Fundi alikuwa ameshika kikombe kimejaa pomoni, anasikiliza nusu nusu. Mama Redio, huku anamwambia bintiye aache kusema mdomo umejaa, akanyoosha mkono, akakichukua kile kikombe mkononi mwa mumewe, akakiweka chini. Fundi akapiga chafya. Mama Redio akamrudishia kikombe.

Redio akanyamaza. Jambo hilo peke yake liliwafanya wazazi wote wawili wamtazame.

"Mama, umejuaje?"

"Nimejua nini?"

"Umechukua kikombe kabla hajapiga."

"Nimechukua kikombe kwa sababu kingemwagika."

"Ndiyo nauliza! Umejuaje kama kitamwagika?"

Mama Redio akatazama mikono yake kama vile imefanya kitu bila ruhusa. Hakuwahi kulifikiria. Redio alipokuwa mchanga, msimu kama huu, baba yake alipenda kumlaza kifuani, na yeye Mama Redio alikuwa akimnyakua mtoto kabla chafya haijaja, asije akaamka na kuwalilia hadi jioni. Tangu wakati ule mikono yake ilizoea. Alijua tu.

"Anaacha kupumua kidogo," akasema polepole. "Anavuta, anakatisha, kama mtu anayetaka kukumbuka jambo."

"Mimi sivuti wala sikatishi," Fundi akasema.

"Wewe utajuaje? Wewe unakuwa umeshafumba macho."

Redio alikwisha simama. "Geuka, mama. Geukia ukuta, usimwone. Baba, wewe kaa. Tusubiri."

"Mimi si mchezo wa watoto," Fundi akalalamika, lakini akakaa. Dirisha lilikuwa wazi, upepo wa jioni ukaingia na unga wake. Mama Redio, uso ukutani, alijiona mjinga. Nyuma yake kulikuwa na pumzi za watu wawili, na moja ya hizo akaisikia inavuta, inakatika.

"Hiyo."

Fundi akapiga chafya. Redio akaruka juu, akapiga makofi, na mashati matatu yakaanguka kutoka kwenye kamba.

Walirudia mpaka chai ikapoa. Kisha Redio akalisema lile ambalo wazazi wake walikwisha kulifikia lakini kila mmoja alimwachia mwenzake: "Basi mama aende naye dukani. Akisikia inakuja, aseme. Baba ainue wembe."

"Niende nikasimame kinyozi cha wanaume?" Mama Redio akauliza. "Wanaongea mambo yao mle, mimi nimesimama kama askari wa getini?"

"Na mimi," Fundi akasema, sauti imepanda kwa mara ya kwanza wiki ile, "nikae na wembe mkononi, mke wangu ananiambia shusha, pandisha? Watasema nini?"

"Watasema Jumatatu kiti kina mtu mwingine," Mama Redio akajibu.

Fundi akainuka, akatoka nje. Walimsikia akipiga chafya uani, moja baada ya nyingine, na jirani akimwambia pole. Aliporudi alikuwa ameshika ile gauni ya bluu ya mkewe iliyokuwa imeanikwa.

"Hii imekauka," akasema. "Kama utataka kuivaa kesho."


Jumamosi duka lilijaa. Mama Redio aliingia nyuma ya mumewe, na maneno yakakatika kama redio iliyochomolewa waya.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kuna msiba?" Mzee Kioo akauliza.

"Hakuna, Mzee. Nimekuja na mume wangu kazini."

"Shemeji umekuja kunyoa ndevu?" sauti ikatoka kwenye benchi.

"Nimekuja kumsikiliza."

"Mke anayemsikiliza mume!" Mashine akasema. "Mpisheni apite, hatujawahi kumwona."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Fundi alieleza huku anatazama sakafu, na kadiri alivyoeleza ndivyo jambo lenyewe lilivyozidi kuonekana la kitoto. Alipomaliza, akakunjua taulo jeupe, akalipigapiga mgongoni mwa kiti. Hakuna aliyenyanyuka. Karani, aliyekuja kwa Mashine kupunguzwa nywele, alishika bendeji yake. Wazee wawili wa kila Jumamosi walikuwa wanasoma kipande kimoja cha gazeti.

Mzee Kioo aliwatazama wote kwenye kioo. Alitaka jambo liishe. Pia, ingawa asingekubali kulisema, aliwahi kushika wembe zamani, na alijua mkono wa Fundi ulivyo mwepesi.

"Haya," akasema, akafungua kifungo cha juu. "Kama ni kukatwa nikatwe mimi. Wateja wangu wametosha."

Akalala kwenye kiti. Fundi akapaka povu. Mama Redio akasimama nyuma ya bega la mumewe, mikono ameifumbata mbele, na duka zima likamwangalia yeye badala ya wembe.

Shavu la kwanza lilikwenda vizuri hadi katikati.

"Juu," Mama Redio akasema.

Wembe ukainuka. Chafya ikaja, Fundi ameigeuzia kiwikoni. Benchi ikaguna kwa mshangao, na mtu mmoja akapiga kofi moja. Fundi akanawa mikono, akaendelea.

Upepo ulianza kuvuma nje. Mle ndani kulikuwa na kelele za mashine, harufu ya manukato ya kunyolea, watu wakisukumana wapate kuona. Nyumbani kulikuwa na pumzi za watu wawili. Hapa zilikuwa pumzi za watu kumi na kitu.

"Juu," akasema tena.

Wembe ukainuka. Wakasubiri. Hakuna kitu.

"Imeghairi," mtu akasema, wakacheka.

"Juu."

Wembe ukainuka. Fundi akasubiri, mkono hewani. Hakuna.

"Shemeji," Mzee Kioo akasema ndani ya povu, "huyu ni kinyozi au unamchezesha gwaride?"

Sasa kicheko kilikuwa cha wote. Hata Karani alisahau shingo yake. "Kushoto, geu - ka!" Mashine akaamrisha, na mzee mmoja akadondosha gazeti. Mama Redio alihisi joto linapanda kutoka kifuani hadi masikioni. Alimwona mumewe kwa upande, taya limekaza. Fundi hakumgeukia. Alirudisha wembe, safari hii kwenye koo, pale kwenye kifundo kinachopanda na kushuka mtu anapomeza mate. Vicheko vikapungua. Kila mtu aliona wembe ulipo.

Kisha Mama Redio akaisikia. Au alidhani ameisikia. Ilivuta, ikakatika, kama mtu anayetaka kukumbuka jambo. Alifungua mdomo. Kwenye kioo akaziona sura zote zinamsubiri, nyingine midomo tayari imeanza kutanuka, na neno likamkwama. Kama si yenyewe? Mara ya tatu wangemtoa nje kwa kicheko, na mumewe pamoja naye. Akafunga mdomo. Akaikaza pumzi yake kifuani, akasimama hivyo, haiti, hapumui.

Fundi akauinua wembe.

Hakuna aliyesema neno. Aliuinua juu kabisa, mbali na kiti, na chafya iliyokuja ilikuwa kubwa kuliko zote za msimu ule. Ilimkunja mgongo, ikamwangusha kofia Mashine aliyekuwa amesogea karibu. Ilipopita, wembe ulikuwa bado uko juu, unang'aa, na koo la Mzee Kioo lilikuwa limefunikwa povu jeupe tupu.

Mzee Kioo akafumbua macho. Alipeleka kidole shingoni, akakitazama. Akameza mate.

"Upande huu bado," akasema.

Fundi akanawa mikono, akamaliza upande ule. Alimfuta, akampaka dawa, akamwinulia mgongo wa kiti. Mzee Kioo alijipapasa mashavu yote mawili bila haraka, wakati benchi nzima inasubiri.

"Mashine."

"Naam, Mzee."

"Jumatatu yule mtu akija, mwambie kiti kina watu."

"Kina mtu," Mashine akamsahihisha.

"Nimesema watu. Nimewahesabu."

Mmoja wa wale wazee wawili akakunja gazeti, akaenda kukaa kwenye kiti. Kabla hajalaza kichwa alimgeukia Mama Redio. "Mwanangu, mimi usinionee haya. Ukidhani tu, sema."


Walirudi nyumbani kwa miguu, Fundi amebeba mfuko wa vifaa, Mama Redio anatembea upande wa reli. Kwa muda walizungumzia mambo ya kazi. Nani atapiga pasi asubuhi kama yeye yuko dukani mpaka ile dawa ya kupuliza ianze kufanya kazi?

"Nitapiga mimi jioni," Fundi akasema.

"Utaunguza kola za watu."

"Kola haivuji damu."

Walivuka barabara. Unga wa mivinje ulikuwa umetanda kwenye mfereji wa maji kama vumbi la mbao.

"Mbona hukusema?" Fundi akauliza.

"Lini?"

"Unajua lini."

Mama Redio akatembea hatua kadhaa. "Niliona haya. Walikuwa wananitazama. Nikasema nikikosea tena, basi." Kisha akageuka. "Na wewe uliinua kwa nini? Uliisikia inakuja?"

"Sijawahi kuisikia inakuja. Hata ile."

"Sasa?"

"Nilisikia umeacha kupumua."

Mama Redio alishika ukingo wa gauni yake ya bluu, akautazama kama una doa.

"Jumatatu nitasema kwa sauti," akasema mwishowe. "Hata wakicheka mpaka wagaragare. Usije ukaitegemea pumzi yangu. Siku nikiishiwa pumzi kwa ngazi za soko, utakuwa umeinua wembe bure siku nzima."

Fundi akacheka. Alikuwa hajacheka tangu mivinje ianze kuchanua, na kicheko kikamchokonoa pua, zikaja chafya mbili, tatu, nne, pale pale kando ya barabara, bila wembe mkononi, bila shingo ya mtu mbele yake, naye akaziachia zote.